Kila kiwanja miti mitano: tupitishe au turekebishe?

Hoja: Rasimu ya kanuni za umoja wa wenye viwanja hapa Ipuli, Tabora, inataka kila kiwanja kipandwe miti 5 ndani ya mwaka wa kuhamia. Asiyepanda, faini. Mnasemaje?

Fundi Ujenzi: Napinga idadi. Kiwanja cha mita 20 kwa 20, toa nyumba, karo, shimo la maji taka na njia ya gari, kinachobaki ni vipande. Mwembe wa kienyeji ukikomaa hutanda mita 10 na zaidi. Mitano itakaa wapi? Mizizi hufuata unyevu kwenye maungio ya bomba yanayovuja, ikaingia na kuziba. Mti mkubwa ukae angalau mita 6 kutoka kwenye msingi na shimo.

Muuza Miche: Nafasi ni kweli, ila kasoro kubwa ya rasimu ni kuhesabu miti mapema. Mvua hukata kati ya Aprili na Mei, hairudi mpaka Novemba. Mche wa Machi huingia kiangazi mizizi ikiwa bado ndani ya donge la kiriba, ule mfuko wa plastiki wa mche. Mkaguzi wa Aprili ataona kijani, wa Oktoba ataona vijiti. Pandeni Desemba, udongo ukishalowa. Shimo sentimita 60 kila upande, samadi debe moja, iliyooza kabisa. Kiriba kichanwe chote! Wengi hukata kitako tu, mizizi inajizungusha, na baada ya miaka upepo unaung'oa mti. Nyasi za kufunika zikae kiganja kimoja mbali na shina, maana mchwa huanza na nyasi kisha hupanda kwenye gome. Kiangazi, ndoo ya lita 20 kwa wiki.

Mama wa Kanyenye: Basi miti 5 ni lita 100 kwa wiki, miezi sita ni kama lita 2,600. Mwenye bomba hafikishi uniti 3 (uniti moja ni lita 1,000). Anayenunua maji kwa dumu ni madumu 130, naye mnamtoza faini ileile?

Muuza Miche: Hapo umenigusa, mama. Napendekeza miti 2: mwarobaini wa kivuli na mwembe wa kubebesha (uliounganishwa na kikonyo cha mwembe mwingine) unaopogolewa. Ihesabiwe Novemba ya mwaka wa pili, ikiwa hai. Na aliyebakiza mti wa asili, mninga au mtundu, wakati wa kusafisha kiwanja ahesabiwe ametimiza. Leo anayefyeka yote na kupanda vijiti 5 ndiye anayesifiwa.

Fundi Ujenzi: Kwa miti 2 naunga mkono, mradi mahali pa karo na miti pachorwe kwenye ramani kabla ya msingi kuchimbwa. Bado rasimu haisemi: nyumba ikipangishwa, anayemwagilia ni nani?