Tupeane uzoefu: uamuzi wa hasira uliowahi kukutokea puani

MtuWaTandika: Wadau, leo asubuhi jamaa kagombana na konda kisa chenji ya mia mbili, akashuka Tazara anafoka, gari ikaondoka na begi lake lenye laptopu. Nilicheka ila nikakumbuka yangu, niliwahi kuibamiza simu ukutani sababu ya meseji ya ex, na simu yenyewe ya mkopo, nimelipa miezi saba kitu kisichowaka. Haya na nyie.

Mama Swaumu: Nilishavunja vyombo vyangu mwenyewe 😂

Mstaafu Kijana: Mimi kazi. Bosi kanifokea mbele ya wateja kwa ripoti ambayo hata sio yangu, nikaomba karatasi kantini nikaandika barua ya kuacha kazi kwa mkono, nikijua ataniita anibembeleze. Yule mzee kavaa miwani, kasoma, kanirekebishia tarehe kwa peni nyekundu, kagonga muhuri IMEPOKELEWA. Kumbe notisi siku 28, mimi sikukanyaga tena, wakanikata. Nikasema basi nitasogeza siku na fao la kukosa ajira, dada dirishani ananiuliza umeachishwa au umeacha? Nimeacha. Karudisha fomu. Angenifukuza ningekula theluthi ya mshahara miezi sita.

Wakili wa Mtaa: Na ungekuwa na siku 30 za kwenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kulalamika.

Mstaafu Kijana: Nimlalamikie nani sasa, mkono wangu?

ChumaUlete: Mimi nilitoa talaka kwa voisi. Zote tatu.

Mama Swaumu: Weee! Endelea

ChumaUlete: Ngoja kuna mteja

MtuWaTandika: Mteja gani tena jamani

ChumaUlete: Nilikuwa Tunduma kufuata mzigo, napiga simu toka saa mbili usiku hapokei, saa tano hapokei, kichwani nishamwona na mwanaume mpaka rangi ya shati. Nikabonyeza voisi nikazitoa, nikazima simu nikalala usingizi mzuri kabisa. Asubuhi nawasha, picha kutoka namba ya shemeji, mtoto wangu ana dripu, degedege lilimshika jioni. Simu ya mke ilibaki nyumbani kwenye chaji, na aliyeisikiliza ile voisi ni mama mkwe, alirudi kuchukua kanga.

Abuu: Tatu kwa mpigo ni moja, tulia.

Bint Pwani: Nani kakwambia? Kwa madhehebu yetu ya Shafii tatu ni tatu.

Abuu: Mwanachuoni Ibn Taymiyya kahesabu moja. Kasome.

Bint Pwani: Kasome wewe, mwenzio kaachisha mtu unamletea ubishi wa barazani

Mama Swaumu: Mtoto amepona lakini?

ChumaUlete: Kapona, anakimbia.

Kidugala: Dawa ya hasira maji ya baridi na kuhesabu kumi.

Mstaafu Kijana: Nikifika kumi nina matusi kumi

Wakili wa Mtaa: Lala kwanza, amua asubuhi.

Kidugala: Huyu kalala vizuri si umesoma

Abuu: Chuma, shehe wenu alisemaje?

ChumaUlete: Kasema tuhesabu moja, nimrejee kabla eda haijaisha.

Mama Swaumu: Na umemrejea?

ChumaUlete: Nasubiri aombe radhi kwanza, simu aliiachaje nyumbani.

Mama Swaumu: 😳 Eda imebaki siku ngapi wewe baba?

ChumaUlete: Kama wiki hivi.

Bint Pwani: Funga duka uende SASA HIVI

ChumaUlete: Mteja tena, narudi