Daftari ninalo, na mali inapotea vilevile: naomba ushauri

Habari zenu wapendwa. Nina genge Mbagala: nyanya, vitunguu, dagaa, mkaa wa kupima. Mauzo kwa siku ni kama 20,000. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, basi nikanunua kaunta buku, na bado inapotea.

Jumamosi nilifunga hesabu. Daftari likasema 21,500, droo ikasema 14,200. Nikakumbuka 2,000 ya nauli ya mtoto na 1,500 ya vocha. Hiyo 3,800 nyingine mpaka leo sijui imekwenda wapi. Simu nayo ni ileile moja, pesa ya mteja na ya mchango wa harusi zinalala pamoja.

Kinachoniuma zaidi ni kodi. Kwa mauzo ya milioni 4 hadi 7 kwa mwaka, asiyetunza kumbukumbu analipa 100,000. Anayetunza anakatwa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Kwa mauzo yangu ya kama milioni 6.4 ingekuwa 72,000 tu.

Naombeni mnisaidie:

Nyanya zikioza mnaziandika wapi? Mimi huzitupa tu, halafu nashangaa mtaji unakonda.

Mkopo wa jirani mnaandika siku anayochukua au anayolipa?

Na je, wewe mwenye biashara unajilipa kiasi gani? Kila siku au kwa wiki? Mume wangu anasema nisijilipe kabisa mpaka genge likue, ila yeye ndiye anayechota dagaa wa mboga bila kuandika.