Mnaita mkutano wa kijiji Jumatano saa nne asubuhi halafu mnasema vijana hawajitambui!

Wakuu, huu wimbo wa "vijana wa siku hizi hawajitambui" umenichosha. Semina za uraia zinafanyikia hotelini mjini, waalikwa ni walewale, posho inagawiwa, picha zinapigwa. Mchuma chai wa Mufindi, kibarua wa viazi Uyole na mpakia mbao wa Mafinga hawamo.

Chukueni mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, na unatakiwa uketi angalau kila miezi mitatu. Tangazo linabandikwa mlangoni kwa mtendaji wa kijiji, basi. Anayelipwa kwa kilo ataacha majani shambani aje kukaa kwenye benchi? Wanaofika ni wazee na wenye maduka, na hapo ndipo ardhi inapita. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Kwa hiyo shamba la miti ya mbao analopewa mtu wa mjini limepitishwa kijana akiwa kazini, na jina lake likahesabiwa kwenye "wananchi wameridhia".

Ukifanikiwa kufika, usisaini mahudhurio yasiyo na tarehe na ajenda juu. Karatasi tupu yenye majina inabanwa kwenye muhtasari wowote. Mapato na matumizi yaulize kwenye "yatokanayo", ile ajenda ya mambo ya mkutano uliopita. Ukisubiri "mengineyo", ajenda ya mwisho, watu wameshaanza kunyanyuka (na mtendaji anajua hilo kuliko wewe).

Halafu kura. Kadi ya mpiga kura ya Tume ya Uchaguzi haitoshi kumchagua mwenyekiti wa kijiji, orodha ya wapiga kura wa kijiji huandikishwa kivyake, kitongojini. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa Oktoba 11 hadi 20, kura ikapigwa Novemba 27. Siku kumi! Kijana aliyeko kambini kwenye mashamba ya miti anazisikia zikiwa zimeisha, siku ya kura anakuja na kadi yake mkononi na jina halipo. Kesho yake anaambiwa hakujitokeza.

Mwenyekiti anayewataka vijana kweli aite mkutano Jumapili saa tisa alasiri, tangazo lipite kwenye vijiwe vya bodaboda na kambi za vibarua wiki nzima kabla. Anayesema haiwezekani atueleze hapa mbona wakati wa kampeni huwa wanatufuata huko huko, jioni, na spika juu ya gari.