Tupeane uzoefu: "Please find attached" na ndugu zake kwenye barua za ofisini

Wakuu, heshima zenu. Kazini kwetu mimi ndiye napokea maombi ya kazi. Kila mtu na "attached" yake: "Attached herewith please find", "Kindly find the attached", "Please find attached with my CV". Hiyo ya mwisho ndiyo inaniumiza kichwa. Ukiweka "with", nabaki natafuta hicho kilichokuja pamoja na CV. Itoe tu: "Please find attached my CV." Huko kwenu mnaandikaje?

Karani Mstaafu: Kijana, "herewith" tuliikuta na mashine za taipu. Si kosa, ila haiongezi kitu. Mnachochanganya ni "enclosed" na "attached". Kilichomo ndani ya bahasha ni "enclosed", na chini kushoto mwa barua tuliandika "Encl." ili anayefungua asitupe bahasha na cheti chako ndani. "Attached" ni kile ulichokibana kwa pini. Barua pepe haina bahasha, basi "attached" inatosha.

Binti Kisauni: Bosi wangu wa zamani alikuwa Mwingereza. Nilimpelekea rasimu ina "please find attached herewith for your kind perusal", akaipiga mstari yote, juu yake akaandika "I attach the March report." Basi. Mwanzo niliona kama ukosefu wa adabu, lakini wateja hawakulalamika hata mmoja.

Ticha wa Jioni: Na ile "Refer to the heading above" je? Darasani kwangu barua zote zinaanza hivyo. Ni "husika na kichwa cha habari hapo juu" yetu, imevishwa suti. Mwajiri kichwa cha habari ameshakisoma! Ingia moja kwa moja: "I am applying for the post of accounts assistant." Halafu ukianza na "Dear Sir or Madam", funga na "Yours faithfully". Ukimtaja kwa jina, ni "Yours sincerely". Wamarekani hawajisumbui na tofauti hiyo, wao "Sincerely" inawatosha.

Mzee wa Faili: +1 Ticha. Mimi naongeza jina la faili. "Document1" kwenye maombi ya kazi, jamani?

Mwenye uzi: 😂 Hizo ninazo za kumwaga. Karani, shikamoo tena. Ile "u.f.s." kwenye barua za serikali ni nini hasa?

Karani Mstaafu: Marahaba. "Under flying seal." Barua inapitia kwa mkuu wako ikiwa wazi, anaisoma, anatia maoni yake, ndipo inakwenda mbele. Kwa hiyo usiandike "through u.f.s.", unarudia.

Mwenye uzi: Kumbe! Sasa najua barua yangu ya uhamisho imelala kwenye meza ya nani.