Tupeane uzoefu: ADHD, mazingira na maisha ya kila siku

Mleta mada
Habari zenu wakuu. Mwanangu wa darasa la tatu kapimwa na daktari wa afya ya akili ya watoto, kaonekana ana ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kuwa makini. Tangu hapo kila ndugu ana lake: mara sukari, mara katuni, mara tumemdekeza. Daktari alinieleza kuwa kwa sehemu kubwa hali hii hurithiwa, ila maisha ya nyumbani na shuleni yanaweza kuizidisha au kuipunguza makali. Nyie mlibadilisha nini kikasaidia? Wa kusema "apigwe tu" naomba apite.

Mama wa Kimara
Pole na hongera kwa kumpeleka mapema. Kwetu lilikuwa suala la usingizi. Gari la shule lilimpitia saa kumi na moja alfajiri, anarudishwa jua linazama, halafu homuweki, halafu tuisheni. Analala saa nne usiku. Umri ule mtoto anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12! Na mtoto aliyekosa usingizi si lazima asinzie, wengi wanachachamaa. Wangu alikuwa anajibu kabla swali halijaisha, anapanda meza, anagombana na kila mtu. Tukamhamishia shule ya karibu anakokwenda kwa miguu, tuisheni tukaifuta, simu inalala chumbani kwetu. ADHD ipo palepale, sweta bado anasahau shuleni, lakini sasa anamaliza kunakili kazi ubaoni. Baba yake alidhani tumebadilisha dawa.

Ticha
Darasa langu lina watoto zaidi ya mia, kwa hiyo namwelewa mwalimu anayechoka. Mwenye shida hii namkalisha mbele, mbali na mlango, na kazi za kuinuka ni zake: kufuta ubao, kupeleka madaftari ofisini. Msimnyime mapumziko kama adhabu, hapo mnamuumiza. Na kama nyumbani anavurugika ila shuleni ametulia kabisa, mtazameni tena, maana dalili hutakiwa kuonekana sehemu zaidi ya moja, tena kabla ya miaka 12.

Mpwani
Sukari muiache ipumzike. Mwaka 1995 watafiti Marekani walikusanya majaribio mengi na hawakuona ikibadili tabia za watoto. Kinachonitia hofu mimi ni madini ya risasi. Hapa Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, betri chakavu ziliyeyushwa katikati ya makazi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, umakini ukiwemo. Ukiwa jirani na wanaoyeyusha betri, usimwache mtoto achezee udongo ule, na daktari umwambie mnapoishi.

Fundi cherehani
Mimi nimegundulika ukubwani. Dawa natumia na siziachi. Lakini kilichoniokoa kazini ni kuondoka kwenye fremu iliyopakana na duka la spika. Kipimo cha mteja nakiandika papo hapo kwenye kitambaa chake kwa chaki, kichwani sikiweki hata dakika. Asubuhi nakimbia kabla ya kufungua, na siku nisiyokimbia mkono unakuwa mzito kukata.

Mleta mada
Mama wa Kimara, wangu naye gari linampitia saa kumi na moja, tena wa kwanza kabisa. Kesho naongea na dereva awe wa mwisho kuchukuliwa. Akikataa, shule za karibu Mbezi mnazijua?