Naomba ushauri: Galaxy A15, Spark 20 Pro au iPhone 11 ya mtumba kwa kazi ya mashambani?

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni afisa ugani wilayani Kilosa, na simu niliyo nayo imechoka kiasi kwamba ikifika saa saba mchana imekwisha kuzima. Kazi yangu ni kuzunguka kwa pikipiki, kupiga picha za mahindi yaliyoshambuliwa na viwavijeshi vamizi, kuzituma kwa WhatsApp, na kupokea simu za wakulima kwenye laini mbili, kwa sababu vijiji vingine hushika mtandao mmoja tu. Bajeti yangu haizidi laki tano na nusu. Chaguo nilizobakiza ni Samsung Galaxy A15, Tecno Spark 20 Pro, na iPhone 11 iliyotumika, ambayo, sitaficha, ndiyo moyo unaitaka. Naomba mnieleze uzuri na upungufu wa kila moja katika matumizi ya kila siku.

Fundi simu: Ndugu afisa, nianze na hiyo ya moyoni. Kwa picha, iPhone 11 bado ni nzuri ingawa ilitoka mwaka 2019, lakini betri yake ilikuwa na mAh (kipimo cha chaji ambayo betri hubeba) 3,110 tu ikiwa mpya, ilhali hizo nyingine zina mAh 5,000 kila moja. iPhone 11 nyingi zina tundu moja la laini, na laini ya pili lazima iwe eSIM, yaani laini isiyo na kadi ya kuchomeka. Uwezo wake wa kuhimili maji usiutegemee, maana simu ya mtumba huenda imeshafunguliwa. Halafu kuna hiyo pikipiki: mwaka 2021 Apple wenyewe walitahadharisha kwamba mtikisiko mkali wa injini za pikipiki, simu ikifungwa kwenye usukani, unaweza kudhoofisha kamera, na wewe kamera ndiyo unayoifuata.

Mtumiaji wa A15: Mimi nasifu kioo chake cha AMOLED, aina ya kioo ambacho kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe, kwani jua likiwa la utosi nasoma ujumbe bila kukifunika kwa kiganja. Samsung pia waliahidi masasisho ya usalama kwa miaka 5. Mwendo wake, hata hivyo, ni wa wastani. Mafaili yakiwa yanapakuliwa, kamera huchelewa kufunguka. Kioo kikipasuka gharama yake ni kubwa kuliko ya LCD, kile kioo kinachomulikwa na taa ya nyuma, na katika maduka mengi simu hii huuzwa bila chaja.

Mchangiaji mwingine: Spark 20 Pro ni nyepesi zaidi kiutendaji, na chaja yake ya wati 33 ni msaada mkubwa kwa anayepata umeme kwa saa chache. Kioo chake ni LCD, hivyo juani utalazimika kutafuta kivuli, na programu zinazokuja nayo ni nyingi. Siku ya kwanza utaitumia kuzifuta. Megapikseli 108 za kamera yake, yaani wingi wa nukta za picha, zisikubabaishe.

Afisa ugani: Nashukuru sana. Umeme nyumbani upo usiku, kwa hiyo kuchaji haraka si tatizo langu. Jua ndilo tatizo. Naelekea kwenye A15.

Fundi simu: Uamuzi mzuri. Kabla ya kulipa, bonyeza *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, namba ya kuhakiki simu, ulinganishe jibu na simu iliyo mkononi. Muuzaji akikukataza kufanya hivyo, nenda duka la pili.