Mjadala: Vitu vya makumbusho viende shoo ya Kitale, au shoo ndiyo ije makumbusho?

Mtoa hoja

Wenzangu, naweka swali mezani bila kulizungusha. Makumbusho ya Kitale, kaunti ya Trans Nzoia, Kenya, yana vibuyu, ngao, vigoda, ala za muziki, ndege waliokaushwa na masanduku ya wadudu. Chimbuko lake ni Kanali Hugh Stoneham, mzungu aliyependa viumbe na vitabu, ambaye alianzisha makumbusho yake binafsi mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 mkusanyo wake aliuachia taifa pamoja na fedha za kujengea jumba, na jumba likafunguliwa Desemba 1974. Mji huohuo una uwanja wa maonyesho ya kilimo, na siku za shoo watu hufurika na watoto mgongoni. Wengi wao mlango wa makumbusho hawaujui.

Hoja yangu: kaunti ikope vitu kama 30, iviweke kwenye banda lake siku zote za shoo. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeyataja makumbusho kwenye kazi za kaunti, mstari mmoja na maktaba na michezo. Anayepinga alete vipimo. "Vitaharibika" peke yake siyo hoja.

Mhifadhi

Vipimo umeviomba, chukua.

Ngozi, manyoya na nguo iliyotiwa rangi hazitakiwi kupata mwanga unaozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga). Ndani ya hema jeupe mchana, hata jua lisipogonga kitu chenyewe, unapata luksi elfu kadhaa. Tuseme 5,000, tena nimekuonea huruma. Saa 10 kwa siku, kwa siku 4, jumla ya mwanga ni 200,000. Kabati la makumbusho lenye luksi 50, likiwashwa saa 8 kwa siku 300, ni 120,000. Kwa hiyo siku nne za hema zimekula zaidi ya mwaka mmoja na nusu wa rangi ya ngao, na rangi ikishapauka hairudi hata uifanyie nini.

La pili ni unyevu. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri turubai linatoa jasho, saa nane mchana ndani ni kikaango. Mti hunywa unyevu na kuutoa, na kigoda kilichochongwa kwa gogo moja hakinywi sawasawa pande zote. Kinachanika kwa kufuata mishipa ya mti, mara nyingi kuanzia kwenye kiini cha gogo. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 65 hadi 70, ukungu unaanza kwenye ngozi, hasa iliyopakwa mafuta.

La tatu halisemwi sana. Ndege na wanyama waliokaushwa enzi za Stoneham kwa desturi ya wakati ule walipakwa aseniki upande wa ndani wa ngozi ili wadudu wasiwale. Sumu hiyo haichakai. Ndege wa namna hiyo hashikwi bila glavu, wala hawekwi mezani mahali mtoto anakula mahindi ya kuchoma. Kwa hao sina mjadala: hawatoki.

Mpanga banda

Dada Mhifadhi, kwa heshima zote, umetupigia hesabu ya hema. Nani kasema hema? Tuzungumzie banda la kudumu, la matofali na mabati. Chini ya mabati unaweka dari, madirisha unayaziba kwa kitambaa cheusi cha mikunjo miwili, na mwanga unautoa kwenye taa za LED zilizofungwa nje ya kabati ili joto lisiingie ndani. Kioo kiwe cha milimita 6, kabati lifungwe kwa skrubu badala ya kufuli ya kubandika, na meza ifungwe ukutani. Umati wa shoo hauibi sana kama unavyoegemea. Mlango uwe mmoja wa kuingilia na mwingine wa kutokea, njia upana wa mita moja na nusu, na kamba mbele ya kabati nusu mita. Ukiacha mlango mmoja tu, saa saba mchana watu wanakutana katikati na kabati linakuwa ukingo wa daraja.

Vumbi ndilo adui wangu mkubwa kuliko jua. Murram ya njia za shoo inapanda hewani kuanzia saa nne. Mwaga maji asubuhi na adhuhuri, kiasi cha kulaza vumbi tu, maana ukizidisha watu watakuletea matope ndani. Mazulia usitandike, yanahifadhi vumbi na kulirudisha kila mguu unapokanyaga.

Na jambo ambalo halimo kwenye vitabu vyenu: spika. Banda jirani likiwa la kampuni ya simu, kibuyu kinatembea juu ya kioo chenyewe kwa mtikisiko. Weka povu la sentimita moja chini ya kila kitu, au omba nafasi upande wa ng'ombe. Ng'ombe hawapigi muziki.

Mtaalamu wa mbegu

Nyote mmesahau mgeni mmoja, naye shoo ya Trans Nzoia lazima aje: Osama. Kwa wasiomjua kwa jina hilo, ni yule bungua mdogo wa rangi ya kahawia, milimita 3 hadi 4, mwili kama kipande cha njiti, anayegeuza gunzi kuwa unga. Tanzania wanamwita dumuzi au skania. Fukusi wa kawaida anakula nafaka akaishia hapo. Huyu anatoboa mti pia.

Sasa angalieni banda la kaunti linavyopangwa kila mahali: mahindi yananing'inia kwa maganda yake kama mapambo, na chini yake mnataka kuweka vigoda na ala za mti za miaka mingi. Vikirudi ghalani vinarudi na abiria. Hutamwona mpaka uone unga mwepesi chini ya kigoda, na hapo ameshaingia kwenye vingine.

Kama lazima mahindi yawepo, yakaushwe mpaka asilimia 13 za unyevu. Asiye na mashine atumie chumvi: chupa kavu ya kioo, chumvi kavu vijiko viwili vitatu, punje mpaka theluthi ya chupa, tikisa vizuri, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yamezidi asilimia 15, rudisha juani. Ikibaki kavu chini, endelea. Kisha magunzi yafungwe kwenye mfuko wa plastiki yakae kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiyatoa usiyafungue siku hiyohiyo. Ngoja saa 24 mfuko upate joto la chumba, la sivyo matone ya maji yanatua juu ya punje na umejitengenezea ukungu. Vitu vya mti vikirudi kutoka shoo vipitie njia hiyohiyo kabla ya kuingia ghalani. Kibuyu chenye ufa au shanga za kioo zilizoshonwa kwa uzi ulioshikana, Mhifadhi aamue kwanza.

Mwalimu wa historia

Nimesoma yote na naona mnabishana juu ya lori na kioo, wakati swali lenyewe limekaa upande. Kwa nini tunadhani shoo haina historia yake yenyewe, mpaka iazimwe ngao?

Chama kinachoendesha maonyesho haya Kenya kilianza mwaka 1901, kikiwa chama cha kilimo na bustani cha Afrika Mashariki, kwa lengo la kuvutia walowezi wa kizungu baada ya reli kufika. Trans Nzoia ilikuwa ndani ya ardhi iliyotengwa kwa wazungu. Kwa hiyo uwanja wa shoo siyo mahali patupu pa kuweka historia, wenyewe ni ushahidi. Nani alishindanisha ng'ombe wake miaka ile, na nani alimshikia kamba? Ukiweka ngao ya mwenye ardhi wa kwanza kwenye banda la mapambo, katikati ya trekta na tangi la maji, bila kusema neno hilo, umeifanya pambo.

Halafu kuna mahindi. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa mwaka 1956 kwa ajili ya mbegu za malisho. Mwaka 1964 chotara wa mahindi H611 alitolewa, amezaliwa na Kitale Synthetic II na Ecuador 573 iliyoletwa kutoka Amerika ya Kusini. Mbegu hiyo ilibadilisha chakula cha nchi nzima, na ilitoka hapahapa. Kitabu cha orodha ya mashindano, riboni ya mshindi, kadi ya mwamuzi yenye alama za gunzi, gunia la mbegu lililopigwa chapa: hivyo ndivyo vya kukusanywa, na vinatupwa jalalani jioni ya siku ya mwisho. Makumbusho yapeleke mtu mmoja mwenye kalamu na bahasha badala ya lori la vigoda.

Mtoa hoja

Mwalimu, hilo la bahasha nimelipokea. Lakini mama aliyetoka huko eneo la Kwanza na watoto wanne unampa nini siku hiyo? Riboni?

Mtengeneza vibuyu

Mpe kibuyu kinachofanya kazi. Kibuyu cha makumbusho ni cha kutazamwa, wala msikioshe: ule weusi wa ndani ni mkaa na mafuta ya maziwa, ukiutoa umetoa nusu ya maelezo yake. Cha banda kiwe kipya, watu washike, wanuse.

Mursik, yale maziwa ya kuganda ya Wakalenjin, unaonyeshwa hatua kwa hatua asubuhi moja. Kibuyu kinasuuzwa na kukaushwa. Kijiti cha mti wa senetwet kinachomwa mpaka kiwe kaa jekundu, kinaingizwa ndani, kinasagwa kwa sosiot, ile fito iliyochanwa ncha kama brashi, ukizungusha mpaka mkaa ushike kuta zote. Unakung'uta unga uliozidi. Maziwa yaliyochemshwa yakapoa ndiyo yanamiminwa, mfuniko unabana, kinawekwa pa baridi kwa siku kadhaa. Kwa hiyo mjiandae na kibuyu cha pili kilichotiwa maziwa kabla shoo haijaanza, la sivyo watu watanusa moshi waondoke. Kosa la kila mara: kaa likiingizwa kwenye kibuyu ambacho hakijakauka vizuri, kinapasuka shingoni.

Mhifadhi

Mama wa vibuyu amenisaidia. Nalegeza msimamo nusu, maana Mpanga banda naye kajibu la mwanga vizuri.

Vinavyoweza kutoka, chini ya banda la matofali: mawe ya kusagia, vyungu, majembe ya chuma, vichwa vya mikuki. Chuma kipanguswe kwa kitambaa kikavu na kisishikwe kwa mkono mtupu, jasho linaacha alama ya vidole ya kutu. Ngozi, manyoya, shanga na viumbe vilivyokaushwa vinabaki, picha zake kubwa ziende.

Utaratibu wa kukopa pia usirukwe. Katiba imeipa kaunti kazi ya makumbusho, ndiyo, lakini mkusanyo wa Kitale uko mikononi mwa Makumbusho ya Kitaifa, chini ya sheria ya mwaka 2006. Kaunti inakopa kama mkopaji yeyote: mkataba wenye tarehe, thamani ya bima, nani anabeba, nani anafungua sanduku. Kila kitu kipigwe picha pande nne kabla ya kutoka, na ufa upimwe kwa milimita, maana bila hivyo mkirudi kila mtu atasema "ulikuwepo". Sanduku la plaiwudi, povu sentimita 5 kila upande. Gazeti lisiguse kitu, lina asidi na wino. Plastiki ya mapovu, mapovu yaangalie nje. Chungu kibebwe kwa kukumbatia kitako, kamwe si kwa mdomo.

Mpanga banda

Hapo tumekaribiana. Limebaki moja ambalo hamkuligusa: usiku. Shoo ikifungwa, wauzaji wanalala kwenye mabanda na majiko ya mkaa. Nani analala na vyungu?

Mhifadhi

Askari wawili wa zamu, kizimamoto cha unga kilo 6 mlangoni, jiko lisikaribie mita 10. Bajeti ya kaunti ikikosa hayo matatu, vyungu navyo vinabaki.

Mtoa hoja

Na bahasha ya Mwalimu ianze na shoo ijayo. Hiyo haingoji askari.